Kabla Hujalipia Makala, Muulize Mkutubi

Mwanafunzi anatafuta makala kwenye Google, anaipata, anasoma ikisiri, anafurahi. Akibonyeza aifungue yote, anadaiwa fedha. Wengi huishia hapo. Wachache hutoa kadi ya benki wakalipa, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi, kwa sababu mara nyingi makala ileile chuo chao kilishailipia.

Maktaba ya chuo kikuu kwa kawaida hainunui makala mojamoja. Hulipa ada ya mwaka ili wanachuo wote wasome kanzidata fulani, yaani hifadhi ya makala mtandaoni, au kundi zima la majarida. Mchapishaji naye humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao anaotumia. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo, mlango hufunguka wenyewe, hata hujui kwamba mlango upo. Ukiwa nyumbani na bando la simu yako, wewe ni mpita njia tu. Ndiyo maana sisi wakutubi tunasisitiza uanzie kwenye tovuti ya maktaba: unaingiza jina la mtumiaji na nywila ya chuo, kisha seva ya maktaba inakupitisha kana kwamba umeketi chumba cha kusomea. Asiyeweza kuachana na Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, afungue mipangilio yake, atafute sehemu ya viungo vya maktaba na kuchagua chuo chake, iwapo kimeunganishwa. Baada ya hapo, kando ya makala ambazo chuo kimezilipia atakuwa anaona kiungo cha maktaba yake.

Na kama chuo hakikulipia? Bado kadi ikae mfukoni. Watafiti wengi huweka toleo la makala yao, lililokwisha kukubaliwa na jarida, kwenye hazina ya kidijitali ya chuo wanakofanya kazi, na kulisoma ni bure na ni halali. Kwa masomo ya tiba na afya kuna Hinari, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa mwaka 2002. Sasa ni sehemu ya Research4Life, ambayo ina pia kilimo, mazingira na fani nyinginezo. Taasisi za nchi zenye kipato kidogo huipata bure au kwa ada nafuu. Anayesajiliwa hapo ni taasisi, si mtu binafsi, kwa hiyo mwanafunzi anayejaribu kujisajili peke yake hafiki mbali.

Njia hizo zikishindikana, kuna huduma ya kuazimana baina ya maktaba: sisi tunaiomba maktaba nyingine itutumie nakala ya makala, au kitabu chenyewe. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kwa hiyo usije usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Ukija, leta DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10 na ambayo mara nyingi huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala. Vichwa vya makala hufanana. DOI haifanani na nyingine.

Vitabu vya rafuni navyo vina mtego wao. Maktaba nyingi hupanga kwa mfumo wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, na namba zake ni za desimali. Kitabu cha sarufi ya Kiswahili chenye namba 496.392 hukaa kabla ya 496.4, wala si baada yake. Nimewaona watu wenye shahada wakikitafuta upande usio wake, kisha wakaja mezani kulalamika kwamba kimeibiwa. Riwaya na mashairi ya Kiswahili hayako hapo kabisa, yako 896.392, yaani rafu nyingi mbele.

Nimalizie na matangazo ya maktaba, yale ambayo watu huyafuta bila kuyasoma. Sehemu ya lawama ni yetu: tunataja jina la kanzidata mpya bila kusema ndani yake kuna nini. Lakini tangazo la majaribio si la kupuuzwa. Mchapishaji huifungulia maktaba kanzidata bila malipo kwa muda mfupi, mara nyingi mwezi mmoja hivi, nasi tunahesabu ni mara ngapi imefunguliwa na makala ngapi zimepakuliwa. Hesabu hizohizo ndizo tunazozitazama kila mwaka tunapoamua tulipie nini tena na tuache nini. Mhadhiri anayepata makala zake kwa kumwomba rafiki wa chuo kingine anasoma vizuri tu, ila kwenye hesabu zetu haonekani. Jarida analolitegemea likikatwa, hushangaa kwa nini hakuulizwa, na ukweli ni kwamba aliulizwa, kwa barua pepe aliyoifuta. Kwa hiyo ukiona tangazo la majaribio, tazama kwanza tarehe ya mwisho, halafu ifungue hiyo kanzidata utafute mada yako ndani yake. Ukiona inakufaa, tuandikie mistari miwili, utaje na somo unalofundisha au kusoma.