Kueleza sayansi redioni ni nini hasa?

Anayesoma akikwama kwenye sentensi hurudi nyuma. Anayetazama video huisimamisha. Msikilizaji wa redio hana nafuu hiyo: sentensi ikishampita imekwenda, na pengine ilipopita alikuwa akimwogesha mtoto au akikwepa gari lililomkatia njia. Kwa hiyo kueleza sayansi redioni si kusoma makala ya kisayansi kwa sauti nzuri. Wala si kuichuja sayansi mpaka yabaki maji matupu. Ni kulichukua swali kubwa, tuseme ulimwengu ulianzaje, uhai ulitoka wapi au fahamu ni kitu gani, na kulipanga upya kwa ajili ya sikio peke yake, sikio la mtu ambaye hakukaa kitako kusoma, bila kumdanganya.

Hilo la kutodanganya ndilo gumu. Ushahidi ni jina moja lililozaliwa hewani.

Tarehe 28 Machi 1949, Fred Hoyle, mtaalamu wa fizikia ya anga, alizungumza katika redio ya BBC nchini Uingereza. Alikuwa akiwalinganishia wasikilizaji nadharia mbili. Ya kwanza ilikuwa yake, ambayo yeye kwa upande wake, na Hermann Bondi na Thomas Gold kwa upande wao, waliitoa mwaka 1948: ulimwengu hauna mwanzo, unatanuka, na maada mpya huzaliwa kidogo kidogo kujaza mapengo. Ya pili ilisema kila kitu kilitokana na hali ya kale iliyosongamana kupita kiasi. Hii ilikuwa na mzazi wake, padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, lakini haikuwa na jina la kunasa sikioni. Hoyle akalitoa palepale: "big bang". Sisi tunasema Mlipuko Mkuu.

Wengi hudai alikuwa akiikejeli nadharia asiyoipenda. Mwenyewe baadaye alikana, akasema alitaka tu wasikilizaji wapate picha ya kuzitenganisha hizo mbili. Mimi namwamini. Yeyote aliyewahi kuandikia redio anaijua ile hali: dakika ni chache, mchoro huna, ubao huna, basi unashika neno la kwanza lenye kishindo. Tena neno likishanasa halibanduki. Mwaka 1993 jarida la Sky & Telescope la Marekani liliitisha shindano la kutafuta jina bora zaidi. Yakamiminika zaidi ya majina 13,000, na majaji, mwanaastronomia Carl Sagan akiwa mmoja wao, hawakuona hata moja la kulishinda.

Ubaya wake ni nini? Mlipuko una mahali ulipotokea. Una kitovu. Vipande vyake hurushwa kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Nadharia yenyewe haisemi lolote kati ya hayo. Inasema nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, kila mahali kwa pamoja. Ndiyo maana swali la kwanza la msikilizaji huwa "ulilipukia wapi?" Si swali la kijinga hata kidogo, jina ndilo lililompeleka huko.

Hapo unahitaji mfano mwingine, na redioni mfano mzuri ni ule ambao msikilizaji anaweza kuushika kwa mikono yake. Chukua ukanda wa mpira. Utie nukta tano za kalamu, kila moja upana wa kidole kutoka kwa jirani yake. Sasa uvute hadi ufike mara mbili ya urefu wake. Ukiwa umesimama kwenye nukta ya kwanza, ya pili ilikuwa kidole kimoja kutoka kwako, sasa ni viwili: imesogea kidole kimoja. Ya tatu ilikuwa vidole viwili, sasa ni vinne: imesogea viwili. Ya tano ilikuwa vinne, sasa ni vinane. Aliye mbali zaidi ndiye aliyekukimbia zaidi, na hakuna nukta hata moja iliyotambaa juu ya mpira. Rudia hesabu ukisimama kwenye nukta ya katikati. Jibu ni lilelile kwa pande zote mbili. Kila nukta inajiona kitovu, na hakuna iliyo kitovu. Uhusiano huo wa umbali na mwendo ndio ambao mwanaastronomia Edwin Hubble aliuonyesha mwaka 1929 alipolinganisha galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota.

Lakini usiishie hapo, maana mpira nao unadanganya. Una ncha mbili, na una mikono inayouvuta. Katika ulimwengu hatujaona ncha wala mkono. Nukta za wino hutanuka pamoja na mpira, ilhali galaksi hazitanuki, kwa kuwa graviti, ile nguvu ya uvutano, imezishikilia. Haya lazima yasemwe papo hapo, kabla ya wimbo. Mfano usioambiwa unaishia wapi hugeuka kuwa imani, na msikilizaji ataubeba miaka ishirini.

Kwa Kiswahili kuna mitego yetu wenyewe, na naona hatuisemi vya kutosha. Neno "ulimwengu" ni mfano. Tunasema ulimwengu wa leo, tunasema walimwengu hawana jema, na hapo tunamaanisha dunia hii na watu wake. Mtangazaji akisema "ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8", baadhi ya wasikilizaji wamesikia umri wa dunia, ambayo ina miaka kama bilioni 4.5. Dawa ni kulifungua neno mwanzoni mwa kipindi: nyota zote, galaksi zote na nafasi iliyo kati yake. Kisha kulirudia katikati, kwa sababu kuna mtu aliyewasha redio dakika hiyohiyo.

"Nadharia" ni mtego mkali zaidi. Shuleni tumezoea nadharia na vitendo, na mitaani "hiyo ni nadharia tu" maana yake ni maneno yasiyo na kazi. Katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi na bado yamesimama. Wakati mwingine ni afadhali kuliweka neno hilo kando kabisa na kusema maelezo yaliyopimwa. "Mwaka wa nuru" nao una neno mwaka ndani yake lakini ni umbali, kama kilomita trilioni 9.5. Sikio haliwezi kufanya lolote na trilioni. Linaweza kufanya kitu na hili: mwanga wa jua ulioko usoni mwako sasa uliondoka kwenye jua dakika nane zilizopita.

Tukifika kwenye tarakimu, milioni na bilioni hutofautiana kwa herufi moja tu, tena ya mwanzo, ambayo ndiyo humezwa mawimbi yakiwa mabaya. Lakini sekunde milioni moja ni kama siku 11 na nusu, na sekunde bilioni moja ni karibu miaka 32. Ukimpa mtu siku kwa miaka, tofauti ameiona. Na tarakimu moja kwa hoja moja inatosha. Mgeni anayeshusha tano kwa mkupuo amewapoteza wote, hata kama zote ni sahihi; kazi ya mtangazaji ni kumkata kwa adabu na kumwuliza ipi kati ya hizo angependa mtu aende nayo nyumbani.

Redio ina faida moja ambayo vitabu havina: sauti. Na katika swali la mwanzo wa ulimwengu, ushahidi mkubwa ulikuja kama mvumo. Mwaka 1964 wanasayansi wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakitumia antena kubwa ya umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey. Kulikuwa na mvumo uliokataa kuondoka. Usiku na mchana, popote walipoielekeza antena, ulikuwa uleule. Wakakagua viungo vyote. Wakakuta njiwa wamejenga ndani ya antena, wakawaondoa, wakasugua kinyesi chao. Mvumo ukabaki. Kumbe ulikuwa mionzi iliyosafiri tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, ambayo leo imepoa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, na nadharia ya Hoyle ya ulimwengu usio na mwanzo ikabaki na watetezi wachache, Hoyle mwenyewe akiwa wa mbele.

Ukiisimulia hewani, kishawishi ni kufungua mvumo wa katikati ya stesheni na kutangaza: sikilizeni, huo ndio mwanzo wa ulimwengu. Taratibu. Mvumo huo kwa sehemu kubwa sana hutokana na radi, mitambo ya umeme na chombo chenyewe. Ucheze, ila useme.

Mwishowe simu inaingia. Mtu anauliza: "Sasa kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Studio inaganda kidogo. "Hatujui" ni jibu halali, lakini likitolewa peke yake linasikika kama mtu anayekwepa deni. Kuna "hatujui" ya jambo ambalo bado halijapimwa. Kuna ya jambo lisilo na chombo wala hesabu ya kulipimia. Na kuna ile ambayo hatuna hata hakika kama swali lina maana. Msikilizaji ana haki ya kujua anapewa ipi. Mimi ningejibu hivi, polepole:

"Asante kwa swali. Tukirudi nyuma kuufuata ulimwengu, tunaukuta ukizidi kuwa mdogo, wenye joto zaidi, uliobanana zaidi. Hadi hapo tuna ushahidi. Tukiusogelea mno ule mwanzo, hesabu za graviti na hesabu za vitu vidogo kuliko atomu zinagombana, na hakuna aliyefanikiwa kuzipatanisha. Kwa hiyo hatujui kama kulikuwa na kabla, na hatujui hata kama wakati wenyewe ulikuwa ukihesabika huko. Kuna watu wanalifanyia kazi. Bado uko kwenye laini?"