Mtera, Kidatu na Rufiji: yanayosemwa kuhusu mabwawa na yaliyo kweli

“Mvua inapiga Dar kila siku, mgao wa umeme unatoka wapi?”

Mvua ya Dar es Salaam inaishia baharini. Bwawa la umeme la Mtera linalishwa na mto Ruaha Mkuu unaotoka Usangu, Ruaha Mdogo wa Iringa na mto Kizigo. Huko juu udongo ushibe kwanza, ardhioevu ya Ihefu ijae, ndipo maji ya maana yashuke.

“Bwawa bado lina maji, mitambo imezimwa ya nini?”

Mtera ikijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni 690. Chini ya hapo jicho bado linaona ziwa, lakini mdomo wa handaki la kupeleka maji mtamboni unakuwa karibu mno na uso wa maji. Juu yake maji huanza kuzunguka kama kwenye tundu la sinki, yakivuta hewa na takataka. Hewa hiyo ikifika mtamboni, mashine hutetemeka na nguvu hushuka.

Jingine: bonde la Mtera ni pana kama sahani, kwa hiyo mita ya juu hubeba maji mengi kuliko mita ya chini. Ukiambiwa bwawa limeshuka mita 1, uliza limeshuka kutoka wapi.

“Kuzalisha umeme kunamaliza maji.”

Mtambo haunywi maji. Yakishazungusha megawati 80 za Mtera, maji yaleyale yanashuka hadi Kidatu yenye megawati 204, kisha yanaendelea kuelekea Rufiji. Mlaji mkubwa ni jua. Uso wa Mtera iliyojaa ni takriban kilomita za mraba 600, hivyo kila milimita 1 inayokauka ni mita za ujazo 600,000.

“Bwawa la Nyerere ndilo lililoleta mafuriko.” “Bwawa la Nyerere limemaliza mafuriko.”

Zote mbili si kweli. Mto Rufiji, ambako bwawa hili limejengwa, ulifurika vibaya wakati wa El Nino ya 1997/98, bwawa likiwa halijajengwa. Na bwawa huzuia mafuriko kwa nafasi tupu tu. Anayezalisha umeme anataka maji yakae karibu na mita 184 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha juu cha bwawa hili, kwa sababu yakianguka kutoka juu zaidi hutoa nguvu zaidi. Anayelinda watu wa Utete na Muhoro, walio chini ya bwawa, anataka yashushwe kabla ya masika. Mita moja ya ujazo haiwezi kuwa imejaa na tupu kwa wakati mmoja.

Bwawa lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti yalikuta limekaribia kujaa, na mitambo inayofanya kazi ilikuwa michache kati ya 9. Mtambo mmoja wa megawati 235 hupitisha mita za ujazo 200 na kitu kwa sekunde; yanayozidi hayana budi kupita kwenye mageti ya dharura.

Chukua mfano: yanaingia mita za ujazo 5,000 kwa sekunde, yanatoka 3,000. Kwa siku zinabaki milioni 172.8. Uso wa bwawa ukiwa kilomita za mraba 1,000, kina kinapanda sentimita 17. Zikibaki sentimita 50 bwawa lijae, una siku tatu tu. Ukikataa kufungua mageti zaidi, maji yatapita juu ya matuta ya pembeni na kuyala, na hapo hakuna wa kuyafunga tena.

Njia salama ni kufungua mapema na kidogo kidogo: kiasi cha kumwaga siku 2 kisambazwe siku 10, na vijiji vipewe kipimo cha kina na cha maji yanayotoka kabla geti halijainuliwa. Mkulima akipata taarifa baada ya geti kufunguliwa, hakupewa tahadhari.

“Mto usipofurika kabisa ndiyo heri.”

Muulize mkulima wa mlau. Anapanda kwenye unyevu na tope jipya linaloachwa maji yakirudi mtoni, na samaki wa maziwa ya kandokando wanasubiri maji hayohayo. Kwa hiyo ratiba ya bwawa inapaswa kuwa na furiko dogo la makusudi wakati wa masika, lililotangazwa tarehe na kimo chake, ili mtu ajue shamba lipi litalowa na nyumba ipi ihame.