Nasa sauti kabla haijaingia mtandaoni

Wanaoanza podikasti huniuliza swali lilelile: "Fundi, unatumia programu gani kurekodi simu za WhatsApp?" Nikijibu "yoyote," wanadhani nawabania. Lakini ndivyo ilivyo. Programu ya kurekodi simu, hata iwe ya bei gani, inakupa kilichofika kwako, na kilichofika ni kile tu ambacho mtandao ulikubali kukipitisha.

Mgeni yuko Muscat au Toronto, anazungumza. Simu yake inaikatakata sauti vipande vifupi, kwa kawaida vya milisekunde 20, yaani 50 kila sekunde, inaviminya kwa kodeki (njia ya kupunguza ukubwa wa sauti) kisha inavirusha. Kodeki inayotumika sana ni Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, na kusema haki ni nzuri. Mtandao ukiwa na nafasi, inabeba sauti pana kuliko simu za zamani zilizoishia hertz 3,400 hivi, ambako s na f zilisikika karibu sawa. Mtandao ukibana, nayo inajibana. Kipande kikipotea njiani, mara nyingi hakuna muda wa kukiomba upya, hivyo programu inabuni cha kujazia pengo kutokana na kilichotangulia. Kikipotea kimoja, hutajua. Vikipotea kumi mfululizo mgeni anageuka roboti, na hapo hakuna fundi wa kumrudisha.

Kuna jambo jingine linalotuumiza sisi hasa. Programu za simu zinajaribu kuzuia mwangwi: sauti yako inapotoka kwenye spika ya mgeni, maikrofoni yake inaisikia, na programu inakimbilia kuifuta. Sasa, Waswahili hatusikilizi tukiwa kimya. Mtu mzima anaposimulia unamwitikia: ehee, naam, alaa! Kila ehee yako inatokea kwenye spika yake, programu inafuta, na neno alilokuwa akilitamka dakika hiyo linafutika pamoja nayo. "Tulipanda jahazi mwezi wa..." Ehee. "...tukashukia Mombasa." Mwezi umekwenda. Ukisikiliza baadaye utadhani ni mtandao, kumbe ni adabu yako mwenyewe. Kwa hiyo nawaambia watangazaji waitikie kwa kichwa kama video imewashwa, na kama bando halitoshi video, waseme mapema: "Mzee wangu, nikinyamaza ujue nakusikiliza." Mgeni akivaa hedifoni, tatizo hili karibu lote linaisha, maana maikrofoni yake haina spika ya kuisikia.

Dawa yenyewe ni kila upande kujirekodi. Simu inabaki ya kuzungumzia tu. Mimi nanasa sauti yangu kwenye kompyuta, mgeni ananasa yake kwa kifaa kilicho mbele yake, kisha ananitumia faili. Mtandao ukikwaruza katikati ya mazungumzo, faili lake halina habari. Linaendelea kunasa sauti safi ya chumbani kwake.

Angalizo: kwa mgeni anayeongea kwa simu, kifaa hicho lazima kiwe cha pili. Watu wengi hufungua kinasa sauti kwenye simu ileile wanayoongelea. Kwenye Android za siku hizi, wakati simu inaendelea, programu ya kawaida ya kurekodi inapewa ukimya: dakika zinahesabika, faili linaongezeka ukubwa, ndani hamna kitu. Iphone nayo hairuhusu. Bahati nzuri nyumba nyingi hazikosi simu ya pili, hata kama kioo kimepasuka. Iwekwe hali ya ndegeni, ilazwe juu ya kitambaa mezani, maikrofoni ikimwelekea msemaji kwa umbali wa shubiri moja au mbili. Si mkononi, kila kidole kinachosogea kinasikika.

Mgeni akiwa mzee, simwelezi yeye mambo haya. Namsalimu, namuulizia afya, kisha naomba kuzungumza na mjukuu. Kwa mjukuu natuma ujumbe mfupi: "Mdogo wangu, anza kurekodi kwenye simu ya pili kabla sijapiga. Zima feni. Usizime rekodi mpaka nikwambie. Ukimaliza nitumie kama hati, usibonyeze kile kimaikrofoni." Sentensi ya mwisho ina sababu. Kuna watu hucheza rekodi kwa sauti ya juu na kuinasa upya kama ujumbe wa sauti, na hapo tumerudi kulekule tulikokimbia. Likitumwa kama hati linafika lilivyo.

Bando lisikutishe. Saa nzima ya mono (mkondo mmoja wa sauti) kwa kilobiti 128 kwa sekunde haifiki MB 60, na kwa maneno matupu inatosha kabisa. WAV, faili la sauti isiyominywa, ya sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde na biti 16 kila moja, ni karibu MB 345 kwa saa. Hiyo namwomba mwenye Wi-Fi ya uhakika tu.

Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth zinapendeza kwa muziki, ila maikrofoni yake inapowashwa nyingi hubadili njia ya mawasiliano, na sauti inashuka hadi sampuli 16,000 kwa sekunde, nyingine 8,000, yaani sauti ya simu ya mezani.

Pamoja na yote, narekodi simu yenyewe pia. Kompyuta inanisaidia hapa: OBS, programu ya bure ya kurekodi, inanasa maikrofoni yangu kwenye mkondo mmoja na sauti ya mgeni, maana napiga kwa kompyuta hiyohiyo, kwenye mwingine. Ni akiba endapo simu ya mjukuu itajaa kumbukumbu, na ndiyo ramani yangu ya kuunganishia. Naweka mkondo huo wa simu kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chini yake naweka faili safi la mgeni, nasogeza mpaka maneno yakae sambamba, kisha nanyamazisha ule wa simu. Mgeni akipiga kofi mwanzoni, unapata pa kulinganishia, lakini kumbuka kofi lake linakufikia limechelewa.

Mahojiano marefu yatakusumbua kidogo. Saa za vifaa viwili haziendi sawasawa. Zikipishana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya saa nzima mmepishana milisekunde 180, na majibu yanaanza kupanda juu ya maswali. Mimi nakata kwenye ukimya kila baada ya dakika kumi hivi na kusogeza. Kunyoosha faili zima kunawezekana, lakini sipendi inavyofanya kwenye sauti za wazee.

Zoom ina chaguo la kuhifadhi faili tofauti kwa kila mzungumzaji. Ni zuri kwa uhariri, ila sauti ya mgeni bado imepita mtandaoni kwanza. Huduma za mtandaoni za Riverside na Zencastr hurekodi kwenye kivinjari cha mgeni mwenyewe kisha kupakia. Kwa mgeni mwenye kompyuta ndiyo njia nyepesi kuliko zote, mradi asifunge ukurasa kabla upakiaji haujaisha. Miongozo inayokuelekeza Skype iache, ilifungwa Mei 2025.

Mgeni akiwa Dubai, muulize mapema anatumia nini, kwa kuwa Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp na wengi huko hupigiana kwa programu ya Botim. Kwa njia ya kila upande kujirekodi hilo halikuharibii kitu; apige kwa chochote kinachoshika.

Ruhusa ya kurekodi naiomba mara mbili: kwenye ujumbe, halafu tena rekodi ikiwa imeshaanza, mgeni ajibu kwa sauti yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, ya Tanzania ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Marekani inategemea jimbo: New York ridhaa ya upande mmoja inatosha, California wote lazima wakubali. Sipotezi muda kukumbuka jimbo lipi linasemaje. Naomba kwa kila mtu. Jibu hilo silikati kwenye faili la akiba, hata kama halitasikika hewani.