Mfumo wa patroli: skauti mkubwa anapomfundisha mdogo wake

Mfumo wa patroli ni utaratibu wa kuwagawa skauti katika vikundi vidogo, kwa kawaida vya vijana sita hadi wanane, kila kikundi kikiongozwa na kijana mwenzao. Ndani ya patroli anayejua humfundisha asiyejua: kufunga mafundo, kusimamisha hema, kuwasha moto, kusoma ramani na dira. Watu wazima wapo, ila si wao wanaoshika kila somo.

Utaratibu huu umri wake ni sawa na wa skauti yenyewe. Agosti 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipopiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika patroli nne zenye majina ya wanyama na ndege, na kila patroli akaikabidhi kwa mvulana mkubwa. Hadi leo, shirika la skauti duniani linahesabu kazi ya vikundi, kujifunza kwa kutenda na msaada wa watu wazima miongoni mwa nguzo za malezi yake.

Kwa nini mwalimu awe kijana? Kwa sababu yeye bado anakumbuka palipomshinda, na mdogo haoni haya kumuuliza swali lilelile mara ya tatu. Mkubwa naye hufaidika: ukitakiwa kumweleza mtu kwa nini kuni mbichi zinafuka moshi tu bila kushika moto, huwezi tena kuridhika na kujua nusunusu.

Hata hivyo, kujua kufanya ni jambo moja na kujua kufundisha ni jingine, na hapa ndipo vikosi vingi vya skauti vinapokwama. Kijana wa miaka 16 anakabidhiwa watoto na kamba, anaambiwa "wafundishe mafundo", basi. Anafunga fundo kwa kasi aliyoizoea, anauliza, "Mmeona?" Wote wanaitikia "Ndiyo!" Hakuna aliyeona. Wanapoanza kuhangaika, anawapokonya kamba na kuwafungia mwenyewe. Kijana huyo si mvivu wala hana kiburi. Hakuna aliyemfundisha kufundisha.

Skauti wa Marekani hutumia hatua nne ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata: eleza, onyesha, ongoza, kisha mwachie. Katika kueleza, sema kwa ufupi kitu chenyewe ni cha nini, maana watoto wadogo hawavumilii hotuba. Kuonyesha kunahitaji uangalifu zaidi. Chukua lile fundo la kuunganisha ncha mbili za kamba, linalotumika kufunga bandeji. Ncha ya kulia inapita juu ya ile ya kushoto na kuzungushwa chini yake. Halafu iliyopo kushoto sasa inapita juu ya iliyopo kulia, nayo ikazungushwa. Mwalimu akikaa ana kwa ana na mtoto, kulia kwake ni kushoto kwa mtoto, na somo linavurugika kabla halijaanza. Akae ubavuni mwake, waangalie upande mmoja. Atumie kamba mbili za rangi tofauti ili mtoto aone ipi imepita wapi. Afunge polepole mara ya kwanza bila kusema neno, mara ya pili akitaja kila hatua.

Pia aonyeshe kosa. Fundo likiwa sahihi hulala bapa, na kila ncha inalala sambamba na kamba yake. Ukirudia upande uleule mara mbili, ncha zinachomoza kwa kukingamana na fundo linateleza. Mtoto akishayashika yote mawili mkononi, atajikagua mwenyewe. Aambiwe na mipaka yake: fundo hili si la kuunganishia kamba zitakazobeba uzito wa mtu.

Kuongoza maana yake kamba iko mikononi mwa mtoto, na mikono ya mwalimu iko magotini. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote kwa kijana hodari. Asaidie kwa swali: "Ncha hii imetokea wapi?" Watoto wawili au watatu kwa mwalimu mmoja wanatosha. Wakizidi, mmoja atakuwa anachezea majani.

Kazi ya kiongozi mtu mzima hufanyika zaidi kabla ya somo. Amuulize kijana: utaanza na nini, unadhani watakwama wapi, vifaa viko wapi? Amwache ajaribu somo kwa mwenzake. Somo likianza, asogee pembeni na asimsahihishe mbele ya watoto. Yasiyo ya hatari yasubiri mpaka watawanyike.

Visu, mashoka, moto na maji ni habari nyingine. Hapo mtu mzima awe karibu, hata kama mwalimu ni kijana. Anayechonga akae chini, na nafasi inayomzunguka kwa urefu wa mkono wake isiwe na mtu. Akate kuelekea mbali na mwili, na kisu cha kukunja kikunjwe kabla ya kupokezwa. Vilevile skauti mkubwa asiachwe peke yake na mtoto mahali wasipoonekana, na asipewe ruhusa ya kuadhibu. Yeye ni mwalimu wa somo, hajachukua nafasi ya mlezi.

Hatua ya kuachia haimaliziki siku ileile. Juma linalofuata mpe mtoto kamba bila kumkumbusha chochote, tena kwa kazi halisi kama kufunga mzigo. Kwa maoni yangu anayempima asiwe yule aliyemfundisha, kwa sababu mwalimu mwenye huruma hunong'ona jibu bila hata kujua.