Je, wajua kwa nini Kindle nyepesi inachosha dole gumba? Na jinsi ya kuitengenezea mkanda wa mkono

Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba tunasoma tumejifunika blanketi mpaka shingoni, mkono mmoja tu ndo unabaki nje umeshika kitabu. Kindle Paperwhite ya 2021, kile kifaa cha kusomea vitabu kwenye skrini, ina kama gramu 205, haifiki hata robo kilo ya sukari, lakini ishike nusu saa uone, dole gumba linawaka moto, kiganja kinakakamaa, unahamishia mkono wa kulia, unarudisha wa kushoto, mwisho unaizima unalala wakati stori ndo imenoga. Sasa kitu chepesi hivo kinachoshaje?

Kinachochosha sio uzito, ni umbali. Chukua jembe, shika mpini karibu kabisa na chuma, linyanyue: rahisi. Alafu shika mwisho wa mpini kwa mkono mmoja ulinyanyue hivohivo likiwa limelala. Jembe ni lilelile ila saivi mkono unatetemeka. Kindle nayo iko hivo, upana wake ni kama sentimita 12 na nusu kwa hiyo uzito umekaa katikati, sentimita 6 kutoka ukingoni, na wewe huwezi kuisogelea hapo kwa sababu ukigusa kioo ukurasa unageuka, inabidi ubane kale kaukingo kembamba tu ka pembeni. Ipigie hesabu ikiwa imelala: dole gumba linakandamiza pale ukingoni, vidole vimeshikilia kwa chini sentimita 2 hivi ndani zaidi, basi dole gumba linabonyeza kwa nguvu mara mbili ya uzito wa Kindle yenyewe, na vidole vinabeba mara tatu. Yaani zaidi ya nusu kilo!

Na msuli unaobana bila kuachia damu inapita kwa shida, ndo maana kubeba ndoo ukiwa unatembea na kubadilisha mkono kuna nafuu kuliko kusimama nayo umeganda. Baridi yetu nayo inaongezea, mishipa ya vidoleni inajikunja, ngozi inakauka inateleza, na kitu kinachoteleza lazima ukibane zaidi.

Kwa hiyo dawa ni kuupeleka mkono katikati, nyuma ya kifaa, na kuuachisha kazi ya kubana. Mimi nilianza na raba bendi mbili nikazivusha juu ya kioo, zikawa zinabonyeza skrini na kugeuza kurasa zenyewe, nikaachana nazo. Nikachukua jalada gumu la kaunta buku iliyoisha, nikalikata liwe dogo kidogo kuliko Kindle, nikaenda nalo Mwanjelwa kwa mama mmoja fundi cherehani. Nikampa shikamoo, nikamweleza nataka lastiki ipite mgongoni ili niingize mkono. Akaigeuza geuza Kindle, akasema, "Mwanangu, nyoosha mkono wako kama unasoma." Nikanyoosha. Akaniwekea chaki ya mshazari, kutoka kona ya chini kwenda kona ya juu, kwa sababu mkono wa mtu anayesoma haulali wima, unalala upande. Mimi nilikuwa nimechora mstari ulionyooka katikati na ungenipinda kifundo cha mkono kila siku, yani yule mama aliona kwa dakika moja kitu ambacho sikukiwaza kabisa.

Lastiki ya mkono iwe pana, ile ya sentimita 4 au 5 wanayoweka kwenye viuno vya sketi, nyembamba inakata nyama. Ikate fupi kidogo kuliko mzunguko wa mgongo wa mkono wako ili ivutike, ila isikubane, ukiona vidole vinakufa ganzi fungua uilegeze. Funika jalada kwa kipande cha kitenge, katikati chini ya kitambaa weka sponji nyembamba ijaze uwazi wa kiganja, alafu shona vilastiki vidogo kwenye kona nne vya kushikilia Kindle. Vilastiki viguse kona tu, visifunike kitufe cha kuwashia wala tundu la chaji. Usiache jalada, hata kama mkanda peke yake unaonekana unatosha, kwa sababu skrini nyingi za wino wa kielektroniki, kama hii ya Kindle, nyuma zina kioo chembamba na ukizikunja au kuzikandamiza sehemu moja zinapasuka. Na sumaku usitumie, Kindle nyingi zinaitambua sumaku ya kava na kujizima.

Ukishaingiza mkono unaweza kuachia vidole vyote na Kindle haianguki, imekaa tu juu ya kiganja. Dole gumba linabaki na kazi moja, kugeuza ukurasa.

Kama maumivu yako chini ya dole gumba, pale kwenye kifundo cha mkono, na hayaishi hata ukipumzika, nenda hospitali ukaangaliwe. Kano za pale zinavimba, daktari mpasuaji wa Uswisi Fritz de Quervain alishaueleza ugonjwa huo tangu 1895, na mkanda wa lastiki hauutibu.

Lastiki ya mkono shona kwa sindano ya mkono, sio mashine, maana ikitumika sana inalegea na utataka kuifumua uweke nyingine bila kuchana kitenge.