Nenda kituoni saa saba mchana

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu. Mwanawe wa mwaka na nusu anarudi kutoka kituo cha kulelea watoto mchana amelegea, halafu analala moja kwa moja. Kituoni aliambiwa, "Anacheza sana, mama." Akaniuliza kama akirudi kuuliza tena ataonekana msumbufu.

Nilimwambia kwanza ampeleke mtoto hospitali usiku uleule. Mengine yangefuata.

Nimekagua vituo vya kulelea watoto mchana kwa miaka mingi nikiwa afisa ustawi wa jamii. Wazazi wengi hufika asubuhi, wakaona katuni ukutani na bembea mpya, wakaridhika. Asubuhi kila kituo ni kizuri. Nenda saa saba, watoto wakiwa wamelala, wala usitoe taarifa. Ukizuiwa getini, umeshapata sehemu ya jibu.

Tazama wachanga wamelazwaje. Mchanga alale chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto. Mlezi awe chumbani humo, si uani anafua. Jiko la mkaa lisiwe ndani: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Kisha ndoo. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito. Akiinama akatumbukia hawezi kujinyanyua, hata kama maji ni kidogo tu. Na anazama kimya, bila kupiga kelele.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana hofu yake ninaijua. Wapo walezi wanaowapa watoto Piriton au dawa ya kikohozi ili walale. Ni hatari, kwa sababu dawa za namna hiyo zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo. Lakini nimekutana na walezi hao: mara nyingi ni binti mmoja, watoto ishirini, mshahara mdogo, hakuna wa kumpokea hata akienda chooni. Kwa hiyo uliza, "Leo mko walezi wangapi, na watoto wangapi?" Kisha wahesabu mwenyewe. Dawa yoyote uikabidhi wewe kwa mkono wako, dozi na saa vikiandikwa kwenye daftari.

Omba pia kuona cheti cha usajili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka kituo kisajiliwe, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ndiyo ya kuuliza ukiwa na shaka.

Chakula kibaya au uchafu, anza na mlezi, kisha mwenye kituo. Ila ukiona alama za kipigo, au mtoto akisema ameshikwa sehemu za siri, usianze na mwenye kituo, maana ushahidi unaweza kupotea. Usimwogeshe, usimhoji mara kumi. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na kesho yake mtoto abaki nyumbani.