Kombe la Shirikisho na ile siku moja ya timu ndogo

Nimefundisha timu za madaraja ya chini kwa miaka mingi, na kila droo ya Kombe la Shirikisho la Tanzania inapopangwa hukutana na swali lilelile: inawezekanaje timu inayochangishana nauli ya kwenda ugenini iitoe klabu ya Ligi Kuu? Wengi hujibu kwamba ni bahati. Mimi naona jibu limo ndani ya muundo wa mashindano yenyewe.

Kombe hili, ambalo Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lililifufua msimu wa 2015/16 kwa udhamini wa Azam na ambalo sasa linadhaminiwa na Benki ya CRDB, hukutanisha klabu za Ligi Kuu na zile za madaraja ya chini. Wadogo huanza mapema, vigogo hujiunga baadaye, na hakuna marudiano. Katika ligi ya mechi 30, kikosi kipana humaliza kazi taratibu, lakini katika mtoano mwalimu wa timu ndogo huandaa mchana mmoja tu. Mwenzake wa klabu kubwa, akiwa na mechi ya ligi au ya mashindano ya klabu za Afrika siku chache mbele, mara nyingi huwapumzisha nyota wake na kupanga wachezaji ambao hawajacheza pamoja kwa wiki kadhaa. Upenyo wetu uko hapo.

Desemba 2017, Simba ikiwa bingwa mtetezi, ilitoka sare ya 1-1 na Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, kisha ikatolewa kwa penalti 4-3. Mwaka uliofuata Mashujaa ya Kigoma iliifunga Simba hiyohiyo 3-2 jijini Dar es Salaam.

Kwa hiyo wiki ya kombe sisi hupiga penalti mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imeshachoka. Mpigaji hutembea peke yake kutoka mstari wa kati huku wenzake wakimtazama kimya. Kwenye uwanja wetu wa vumbi, alama ya penalti imegeuka kishimo kutokana na visigino vya miaka yote, hivyo nimewafundisha kukifukia kwa unyayo, kuutuliza mpira kwa mikono miwili, kurudi hatua nne na kutobadilisha mawazo njiani. Mchezaji aliyeyafanya hayo mara mia hafikirii tena jina la kipa aliye mbele yake.

Jambo jingine ninalolipenda kwa dhati ni fainali kupelekwa mikoani: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021. Ile ya Kigoma, Simba iliifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, na watu wa huko wakaiona mechi ya watani wa jadi kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika badala ya kuisikia redioni. Leo Mashujaa inacheza Ligi Kuu ikiwa na uwanja huohuo kama nyumbani kwake. Hata aliyeshindwa fainali amewahi kupata neema: mwaka 2020 Namungo ya Ruangwa ilifungwa na Simba 2-1, lakini kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi na hivyo ikaenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufika hatua ya makundi.

Ninachoomba ni kanuni ya uenyeji. Kwenye Kombe la Ufaransa, timu iliyo chini ya mpinzani wake kwa madaraja mawili au zaidi hupewa mechi nyumbani. Msimu mmoja tulisafiri usiku kucha kwa basi la abiria, tukashuka alfajiri na kucheza jioni ileile. Kufikia dakika ya 60 mabeki wangu walikuwa wakishika magoti kila mpira ulipotoka. Mbao FC ilipoitoa Yanga 1-0 katika nusu fainali ya 2017, ilikuwa CCM Kirumba, Mwanza, nyumbani kwake, na wachezaji wake walikuwa wamelala vitandani mwao.